Mfiwa Aliyegawa Chai

Biskuti za vanila zikiwa kwenye sahani hazinisumbui. Kinachonisumbua ni pakiti inapofunguliwa, ile pumzi ya kwanza inayotoka ndani yake, tamu na kavu, yenye unga unga. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye usaili wa kazi, ofisi moja hapa Mikocheni, na dada wa chai alifungua pakiti nyuma ya kiti changu wakati uleule ambapo mmoja wa mabwana wawili waliokuwa wakinihoji aliegemea kiti chake, akaniuliza kwa sauti ya utani utani, "Sasa sista, naona umeolewa juzi juzi tu. Una mpango wa kuzaa hivi karibuni?" Kwa muda sikuwa tena ofisini pale. Nilikuwa uani kwa Bi Tatu, Mwananyamala, nina miaka tisa, na Mama anaingia mlangoni akitoka kazini.

Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mama yangu. Mama za wenzangu walinuka moshi, au samaki wa kukaanga, au sabuni ya mche. Wangu alinuka vanila, kwenye nywele, kwenye viganja, mpaka kwenye shuka tulilojifunika. Nilikuwa naringa nayo. Shuleni niliwahi kumwambia rafiki yangu kwamba kiwanda cha biskuti ni cha mama yangu, na kwa siku kadhaa nikauamini uongo wangu mwenyewe. Ukweli ni kwamba Mama alikuwa kibarua wa kupaki. Kutwa alisimama kando ya mkanda wa mashine, akipanga biskuti kwenye pakiti, na jioni alirudi na miguu iliyovimba na mfuko wa biskuti zilizovunjika, maana zilizovunjika waliruhusiwa kuzichukua. Mie nilikua nikidhani biskuti huzaliwa zikiwa nusu.

Baba alikuwa mchonga vinyago kule Mwenge. Wazazi wangu wote wawili walitoka Newala, na Baba alikuja mjini na patasi zake akiamini wageni wananunua vinyago kama watu wanunuavyo nyanya. Mwaka ule ninaousimulia wageni walipungua, vinyago vikajaa vumbi, naye akawa anarudi nyumbani akiwa na maneno mengi na mikono mitupu. Tulikula kwa kazi ya Mama, tukalala ndani kwa kazi ya Mama. Na kiwandani walikuwa wameahidiwa jambo: kibarua asiyekosa kazini, mwisho wa mwaka atapewa ajira ya kudumu. Hilo neno "kudumu" lilitamkwa nyumbani kwetu kwa heshima, na Mama alikuwa akilitia mwishoni mwa dua zake.

Kulikuwa na sharti jingine ambalo halikuandikwa popote, ila kila mwanamke pale alilijua. Mwenye mimba hana kazi. Hakuna aliyefukuzwa kwa matusi, la. Aliambiwa kwa upole, "Nenda kalee kwanza," na akirudi anakuta nafasi yake ina mtu. Wanaume wa kiwanda kilekile walizaa kila mwaka, wakachangiwa soda na kupigwa mgongoni kwa pongezi.

Aliyekuwa akizigundua mimba ni msimamizi wao, Madamu Josefina, mwanamke mnene mwenye sauti laini aliyekaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Alikuwa na mtindo wake. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kuwafunga aproni yeye mwenyewe, mmoja mmoja, kutokea nyuma, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Alivuta kamba, akafunga kifundo, akaziangalia ncha zinazoning'inia. Kila mmoja aliujua urefu wa kamba yake, na Madamu alizijua za wote. Ncha zikifupika, alimpapasa mwenye aproni begani na kusema, "Mwenzangu, hongera," na hongera hiyo ndiyo ilikuwa kufukuzwa.

Sasa Mama akapata mimba. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi kiwandani. Mama alificha na akazaa. Alikuwa mwembamba, tumbo lake lilikuwa dogo tangu zamani, na alivaa magauni mapana. Kuhusu kamba za aproni, aliziongeza. Alipata utepe wa rangi ileile, na kila tumbo lilipokua kidogo alifumua mshono na kuingiza kipande kipya, pale panapofichwa na pindo, ili ncha ziendelee kuning'inia kama zamani. Mie ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano, kwa vile macho yake yalikuwa yamechoka. Nilidhani ni mchezo fulani wa watu wazima, na niliufurahia.

Lakini mtoto hafichiki kama tumbo. Mtaani angeulizwa ni wa nani, na Madamu alikuwa na masikio mtaani. Hapo ndipo alipoingia mama mdogo, Somoe, mdogo wake Mama wa mwisho, aliyeletwa kutoka Newala kuja kusaidia nyumbani. Alikuwa msichana hasa, hajaolewa, mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Wakakaa chini Mama, Baba na Bi Tatu mwenye nyumba, na walipoinuka ilikuwa imeamuliwa kwamba mimba ni ya Somoe. Sikumsikia akikataa. Kuanzia hapo, akienda dukani alijifunga khanga tumboni chini ya dera. Siku moja khanga ile ilizunguka njiani, na Mangi wa dukani akamwuliza kama huko kwao watoto hukaa ubavuni. Tulicheka uani mpaka Bi Tatu akakaa chini. Somoe naye alicheka, ila baadaye nilimkuta chooni anajifuta uso. Mtaa ulikuwa umeanza kumwita Malaya wa Kusini, na kijana mmoja fundi cherehani aliyekuwa akimsalimia kwa adabu aliacha kumsalimia.

Mtoto alipokaribia, Mama aliomba ruhusa kwenda Newala kumuuguza mama yake. Bibi yangu wakati huo alikuwa shambani akilima mihogo, mzima wa afya, na alipokuja kupata habari kwamba aliugua mahututi alisema hilo ni deni, wamwombe radhi kwa kuku. Mama alijifungulia chumbani kwa mkunga mstaafu, rafiki yake Bi Tatu, redio ikiwa imefunguliwa kwa sauti ya juu. Alizaliwa mtoto wa kiume, akaitwa Idrisa. Alikuwa na masikio ya Baba, yaliyosimama.

Ruhusa ilikuwa fupi. Bi Tatu aliposikia Mama anarudi kazini, aligomba. "Mzazi hajatoka arobaini, anakwenda wapi? Hata mbuzi hafanywi hivyo!" Mama alikuwa anajifunga kitambaa kifuani, anakikaza kwa meno. "Bi Tatu," akasema, "mie nikikaa ndani, huyu atakula arobaini?" Akatoka. Nyuma yake mtoto alilia, na Somoe akampokea, akamtia chuchu ya chupa mdomoni. Ndani ya chupa mlikuwa na uji mwepesi na maziwa ya kopo, yaliyozimuliwa ili yafike mwisho wa wiki.

Tangu hapo mtaa ulimwita Somoe Mama Idrisa. Mama yangu aliendelea kuwa Mama Rehema, kwa jina langu mie, kana kwamba uzazi wake uliishia kwangu. Jioni alipofika alifunga mlango ndipo akamnyonyesha, na mie niliwekwa nje nipige kelele mtu akija. Kutwa maziwa yalimjaa mpaka homa ikampanda, naye aliyakamulia kwenye sinki la choo cha kiwandani na kufungulia bomba yapotee. Hilo aliniambia miaka mingi baadaye, na alilisema kama mtu anayekiri kumwaga chakula.

Idrisa alianza kuharisha. Kwanza kidogo, akapewa maji ya mchele. Kisha macho yakazama. Asubuhi moja, Mama akiwa ameshaondoka, mtoto aliacha kulia, na kwa mtoto mchanga hiyo si nafuu. Somoe alimkimbiza hospitali akiwa pekupeku. Alipoulizwa mama wa mtoto ni nani, Somoe akasema ni yeye. Kabla ya adhuhuri alirudi naye, amemfunika uso.

Waislamu hatukawii kuzika. Baba na wanaume wa mtaani wakatoka kutafuta sanda na kaburi. Mama alipigiwa simu, lakini simu za vibarua zilikuwa zikiachwa kwenye kasha la mlinzi getini, na iliita huko mpaka ikachoka. Njia ya kiwandani niliijua kwa sababu siku za likizo nilikuwa nikimpelekea Mama chakula. Bi Tatu alinishika mabega. "Nenda kamwite mama yako. Wakikuuliza, unajua cha kusema?" Nilijua. Nilikuwa nimefundishwa kwa miezi.

Mlinzi alimwita Madamu Josefina. Alikuja akijifuta unga mikononi, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza kuna nini. Nikasema, "Mtoto amefariki."

"Maskini. Mtoto wa nani?"

"Wa mama mdogo."

Alinishika shavu. Mkono wake ulinuka kama wa Mama. Akaingia ndani, na kupitia mlango mkubwa uliokuwa wazi nilimwona akimsogelea Mama pale kwenye mkanda na kumsemesha sikioni. Mama aligeuka akanitafuta kwa macho. Hakuniita wala mie sikumwita. Aliinua kidevu tu, kama mtu anayeuliza kweli? Nikatikisa kichwa kuitikia. Midomo ya Mama ikaenda: aliulizwa mtoto ni wa nani, akajibu ni wa mdogo wake, akaomba ruhusa, na Madamu akawa anatingisha kichwa chake polepole, mkono uko begani kwa Mama. Maneno ya Madamu Mama ameyahifadhi neno kwa neno mpaka leo. "Nakuonea huruma, Mama Rehema, ila leo tuna oda kubwa na watu wamepungua. Huyo ni wa mdogo wako. Ingekuwa ni wako, ningekufungulia geti mwenyewe."

Mama angeweza kusema, "Ni wangu." Neno moja tu, na geti lingefunguliwa, na lisingefunguliwa tena. Nimelifikiria sana neno hilo. Aligeuka akaendelea kupanga biskuti. Niliiona mikono yake ikienda na kurudi, haraka, bila kukosea, kisha mlinzi akaniambia nisizibe njia.

Idrisa alioshwa, akavikwa sanda, akasaliwa, akabebwa baada ya alasiri. Mama alifika jua linazama. Uani kumejaa majamvi na wanawake, na Somoe amekaa juu ya godoro, kajifunika khanga kichwani, mahali anapokaa mfiwa. Mama alimwangalia Bi Tatu. Bi Tatu akasema, "Wameshakwenda naye." Mama akaosha mikono, akaenda, akapiga magoti mbele ya mdogo wake, na kwa kuwa macho ya mtaa mzima yalikuwa pale, akampa mkono wa pole. Somoe alilia kwa sauti hadi akashikwa. Mama hakulia. Aliinuka akaenda kuangalia kama maji ya chai yamechemka.

Kesho yake, ikiwa Jumapili, wakaja watu wa kiwandani, wamevaa vizuri, na Madamu Josefina mbele yao. Hawakuja kwa Mama, walikuja kwa mdogo wake Mama. Walikaa kumzunguka Somoe, na mmoja wao akamwambia, kama watu wanavyoambiana misibani, "Pole mdogo wangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Mama alikuwa amesimama juu yao na birika, anawamiminia chai. Upande wa wanaume, mzee mmoja alimwambia Baba kwamba huyo bwana aliyempa shemeji yake mimba na kukimbia, Mungu atamlipa hapa hapa duniani. Baba akaitikia, "Amina."

Mmoja wa wageni alikuja na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto akaamka na kulia kwa njaa, kile kilio chembamba cha wiki za mwanzo. Mama aliacha kumimina ghafla. Niliona gauni lake kifuani linabadilika rangi, madoa mawili, yanakua. Hakuwa na mkono wa kujifunika, alikuwa na birika la moto mkono mmoja na vikombe mkono mwingine. Nadhani ilikuwa muda wa kuvuta pumzi mara moja tu, lakini Madamu Josefina alikuwa ameinua uso kupokea chai.

Aliona. Aliangalia madoa, akamwangalia Mama usoni, akamwangalia Somoe pale kwenye godoro, akarudi kwa Mama. Kisha aliinuka, akatoa khanga yake mabegani, akamfunika Mama kwa mbele na kuifunga nyuma ya shingo, kwa vidole vilevile vilivyozoea kufunga. Akapokea birika. "Pole," akamwambia kwa sauti ya chini. "Pole sana, mwenzangu." Akamalizia kugawa chai yeye mwenyewe. Usiku ule Mama alimwambia Baba kwamba kumbe yule mama ana utu.

Siku ya kazi iliyofuata Mama alitoka alfajiri kama kawaida. Mlangoni alimpa Madamu mgongo afungwe aproni. Madamu hakuzivuta kamba. Alizipitisha vidoleni taratibu, moja baada ya nyingine, akiutafuta mshono, na akaupata ule wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. "Mwenzangu," akasema, "nenda kapumzike. Utakuja ukiwa na nguvu." Mama alimuuliza lini. Madamu alikuwa ameshamshika mwanamke aliyekuwa nyuma yake.

Saa nne asubuhi nilikuwa naosha vyombo uani. Mama aliingia, na aproni bado iko mwilini, haijafungwa, kamba zinaburura chini. Alifika katikati ya uani akasimama. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye sakafu yenye maji, akafungua mdomo. Sijasikia tena sauti ile kwa mtu yeyote. Majirani walitoka vyumbani wakiuliza kuna msiba gani tena. Somoe alikuja mbio akajitupa mapajani kwake.

Bi Tatu aliingia ndani. Alitoa jamvi chumbani kwake akalitandika, wakamnyanyua Mama wakamkalisha juu yake, na wanawake wa nyumba ile wakaketi kumzunguka, mmoja baada ya mwingine, na mmoja akawasha jiko akabandika chai. Bi Tatu akamshika mkono. "Pole, Mama Idrisa," akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita hivyo. Walikaa naye mpaka jioni.

Na mie, wenzangu, nilikasirika. Nilisimama na sufuria yangu nikiwaza: mtoto kafa hukulia, umefukuzwa kazi unalia. Kinyongo hicho nilikua nacho, nikaenda nacho mpaka sekondari. Kila nilipoona watu wanalilia pesa nilimkumbuka. Siku moja nilikwenda Gongo la Mboto kumtembelea mama mdogo Somoe, aliyeolewa huko, mke wa pili, na mzee asiyeuliza habari za nyuma. Alikuwa anakuna nazi. Nikamtolea yale yote yaliyokuwa moyoni mwangu. Aliacha kukuna.

"We Rehema, hivi una akili kweli?" akasema. "Mama yako alilia kazi? Kwani siku zile zote angeanzaje kulia? Angemlilia nani, mtoto wangu? Siku ile ndo alifiwa. Walipomnyang'anya kazi ndo wakamrudishia mtoto wake."

Nilirudi nyumbani, nikamwosha Mama miguu. Alishangaa, akauliza nimefeli somo gani.

Sheria ilikuwepo. Nimekuja kuisoma ukubwani, ilikuwepo hata kabla Idrisa hajazaliwa, na ilikataza karibu kila kitu walichomfanyia. Lakini haikuwahi kufika uani kwetu, wala hakuna aliyeibandika kwenye lile geti. Khanga ya Madamu iko mpaka leo chini kabisa ya sanduku la Mama. Hajaivaa, hajairudisha.

Yule bwana wa usaili nilimwambia kwamba swali hilo halimhusu. Alicheka, mwenzake akafunga faili, na sikupigiwa simu. Jumapili nikaenda kumweleza Mama, nikitegemea anigombeze, maana kazi zenyewe siku hizi ni za kugombania. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Kwa hiyo swali lao hukuwajibu," akasema.

"Sikuwajibu, Mama."

Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa mbali.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Mie niliwajibu."